Sabufa iliyokuwa ikimeza maneno: kisa cha sebule moja ya Tanga

Mjomba wangu anaishi Tanga, kwenye nyumba ya tofali za saruji aliyoijenga alipokuwa bado kazini. Sebuleni kwake kuna kitu ambacho wengi wa rika lake walishakiuza: amplifaya ya stirio ya zamani, nzito, yenye mishale miwili inayocheza nyuma ya kioo, na spika mbili ndogo za rafu alizozinunua baadaye. Anasikiliza bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarab ya Tanga ya enzi za Black Star, ile iliyoingiza gitaa la umeme na besi na kuupa muziki huo mwendo wa dansi. Kwake besi ndiyo miguu ya muziki.

Watoto wake wakamnunulia sabufa. Nasema sabufa kwa maana ya boksi moja la besi lenye amplifaya yake ndani, si ile seti nzima ya redio na vispika vyake ambayo madukani nayo huitwa sabufa. Fundi akaja, akaunganisha, akaondoka. Baada ya miezi miwili mjomba akanipigia simu.

"Mpwa wangu, hiki kitu kinakula maneno. Taarifa ya habari naisikia kama mtangazaji kaweka mkono mdomoni. Nikipunguza, besi yote inapotea."

Malalamiko hayo yalikuwa na karibu kila kitu nilichohitaji kujua. Besi ikizidi lakini maneno yakasikika, shida huwa ni nobu ya voliumu. Besi ikimeza maneno, maana yake sabufa imepanda mpaka mahali isipostahili, na voliumu haiwezi kuponya hilo. Ukiipunguza unaiondoa pale inapoharibu na pale inapohitajika kwa wakati mmoja.

Nilichokikuta

Sabufa ilikuwa kona ya mbele kulia, nyuma ya mlango. Sauti ilichukuliwa kwenye matundu ya spika B ya amplifaya, yale ya jozi ya pili ya spika, na kupelekwa kwenye boksi kwa waya wa kawaida wa spika. Nobu ya krosova ya sabufa, kichujio kinachoamua ipande hadi masafa gani, ilisomeka 150 Hz (mitetemo 150 kwa sekunde), voliumu ilikuwa robo tatu ya mzunguko, na fezi, nobu ya kuchelewesha wimbi lake, kwenye 0. Zile spika ndogo zilikuwa zinapokea muziki wote, kuanzia chini kabisa hadi juu. Na makochi yalikuwa yamepangwa yakigusa ukuta wa nyuma, kama yalivyo katika sebule zetu nyingi.

Fundi hakukosea waya hata mmoja. Sauti ilitoka, chanya ilikuwa chanya, hasi ilikuwa hasi. Ila alifanya nusu ya kazi, nusu ileile inayofanywa katika nyumba nyingi nilizoingia: aliizuia sabufa isipande juu, lakini hakuzizuia spika ndogo zisishuke chini.

Kwenye ngoma kila chombo kina sehemu yake. Chapuo ina mapigo yake na vumi ina yake. Mpigaji wa vumi akianza kupiga mapigo ya chapuo huku mwenye chapuo naye anaendelea, ngoma inavurugika hata kama kila mmoja ni hodari. Ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba. Spika zake zina koni ya inchi tano na robo na tundu la hewa lililopimwa karibu na 55 Hz, kwa hiyo zinashuka vizuri mpaka hapo. Sabufa ilikuwa inapanda mpaka 150. Kuanzia 55 hadi 150, ambayo ni karibu oktava moja na nusu (kila oktava ni masafa kuongezeka mara mbili), wote wawili walikuwa wanapiga sauti ileile. Mawimbi mawili ya nguvu sawa yakikutana yakiwa sambamba, sauti hupanda kwa desibeli 6. Yakikutana yamepishana, hufutana. Na msingi wa sauti ya mwanaume anayezungumza unaangukia takriban kati ya 85 na 180 Hz, sehemu yake kubwa ikiwa ndani ya eneo hilo la vurugu. Mjomba alikuwa anasomewa habari na spika tatu, mojawapo ikiwa nyuma ya mlango.

Kuna hasara ya pili ambayo haisikiki mara moja. Ukishuka oktava moja, koni ya spika inatakiwa isogee mara nne zaidi ili itoe ukubwa uleule wa sauti. Na spika yenye tundu, ukiivusha chini ya masafa ya tundu lake, hewa ya ndani ya boksi haiishiki tena koni. Inabaki inapiga makasia bure. Koni hiyohiyo ndiyo inayobeba sauti ya mwimbaji. Inapotupwa mbele na nyuma na besi isiyoweza kuitoa, sauti ya mwimbaji nayo inatikisika. Kumwekea mtu sabufa kisha kuziacha spika ndogo zihangaike na 40 Hz ni kuajiri mpagazi na kuendelea kubeba gunia mwenyewe.

Chumba kabla ya krosova

Nilitaka kuanza na krosova siku hiyohiyo. Nashukuru sikuanza nayo, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye chumba.

Sebule ina urefu wa mita 5.2, upana mita 3.7 na kimo mita 2.9. Kwenye joto la Tanga, nyuzi 28 hivi, sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde. Ukigawa kasi hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili unapata masafa ambayo chumba chenyewe kinapenda kuyaimba: 33.5 Hz kwa urefu, na mara mbili yake, 67 Hz. Upana unatoa 47 na kimo 60.

Nilicheza sauti tupu za masafa kutoka kwenye simu, kuanzia 30 hadi 120 Hz, hatua za tano tano, nikisoma kipimo cha sauti kwenye simu ya pili iliyowekwa mahali pa kichwa cha mjomba. Maikrofoni ya simu si ya kuaminika chini huko; usilinganishe 30 na 100 ukadhani umepata ukweli. Ila masafa yaliyokaribiana unaweza kuyalinganisha, na masafa yaleyale kabla na baada ya kubadilisha kitu. Nilipofika 65 kipimo kiliruka, nikasogea hatua moja moja, na kilele kikawa palepale hesabu iliposema: 67, kama desibeli 10 juu ya majirani zake.

Do ya chini ya gitaa la besi, fret ya tatu ya waya wa A, ni 65.4 Hz. Kila mpigaji alipoikanyaga noti hiyo, chumba kizima kilimjibu. Noti zilizo mbali nayo zilipita kimya kimya. Mjomba alikuwa amezoea kusema kwamba mpigaji besi wa wimbo fulani "ana hasira". Hasira ilikuwa ya ukuta.

Hapa niseme jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Ushauri mwingi kuhusu sabufa umetoka kwenye vyumba vya Marekani vilivyojengwa kwa fremu za mbao na bodi za jasi. Kuta zile hutikisika kidogo na kumeza sehemu ya besi. Tofali la saruji lililopigwa plasta halimezi kitu. Linarudisha karibu yote. Kwa hiyo vilele vya vyumba vyetu ni vikali kuliko vile vinavyoelezwa, na mahali pa kuweka boksi ni muhimu zaidi kwetu kuliko kwao.

Kona inalisha kila mwangwi wa chumba, yaani kila moja ya masafa hayo ambayo chumba kinapenda kuyaimba. Na msikilizaji anayeegemea ukuta wa nyuma amekaa pale ambapo kila mwangwi wa urefu uko kwenye kilele chake. Sabufa ilikuwa mahali pabaya kuliko pote kwa ajili ya 67, na masikio ya mjomba vilevile.

Mwangwi wa pili wa urefu, ile 67, una sehemu mbili tulivu: robo ya urefu kutoka kila ukuta, yaani mita 1.3. Sabufa ikikaa hapo, haiwezi kuuamsha vizuri. Nilithibitisha kwa njia ya zamani: tukainua sabufa tukaiweka kwenye kochi la mjomba, tukacheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, nami nikatambaa kando ya kuta nikiwa na sikio karibu na sakafu, nikitafuta mahali ambapo noti zote zinalingana. Ukuta wa kushoto, kati ya mita 1.2 na 1.4 kutoka mbele, palikuwa laini. Hesabu na sikio vilikutana.

Kochi lilikuwa mazungumzo marefu zaidi. Mkaza mjomba hakutaka kochi lielee katikati ya sebule, na ni haki yake, nyumba ni yake pia. Tulikubaliana sentimita 65 kutoka ukutani, na nyuma yake akaweka meza nyembamba yenye maua. Sentimita hizo 65 ni moja ya nane ya urefu wa chumba, na zinashusha mwangwi wa 67 kwa desibeli 3 hivi. Si nyingi, lakini zikijumlishwa na kuhamisha boksi, kilele kilichokuwa desibeli 10 kilibaki desibeli 2 au 3. Bado hatujagusa krosova.

Kugawa kazi

Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 zina neema moja ambayo nyingi za sasa hazina. Nyuma ya ile ya mjomba kuna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la herufi U, vinavyounganisha sehemu ya mwanzo, yenye voliumu na vitufe, na sehemu ya nguvu inayosukuma spika. Zima amplifaya, vichomoe, na umepata mlango wa kuingiza kichujio katikati. Sauti inatoka ikiwa tayari imepita kwenye voliumu, kwa hiyo sabufa na spika zitapanda na kushuka pamoja.

Njia ya bei rahisi kabisa ni kapasita moja kwa kila upande, kijisehemu cha umeme kinachopunguza sauti za chini. Ukinzani wa umeme kwenye mlango wa kuingilia sehemu ya nguvu kwenye kitabu cha amplifaya hii umeandikwa omu 47,000. Kapasita ya nanofaradi 39 ikiwekwa kwenye waya hapo inaanza kukata karibu na 87 Hz. Ya 47 inaanza karibu na 72. Nilijaribu ya 39 usiku wa kwanza, na maneno ya mtangazaji yalianza kufunguka papo hapo. Mwenye bajeti ndogo aishie hapo bila aibu. Lakini mteremko wa kapasita moja ni mpole, desibeli 6 kwa oktava. Kwenye 40 Hz spika zilikuwa zimepunguziwa desibeli 7 na nusu tu, na koni bado ilionekana ikihema.

Nilirudi safari ya pili na krosova ya umeme niliyoipata Kariakoo, ya mtumba, aina wanayotumia watu wa muziki wa makanisani na harusini. Ina mteremko wa desibeli 24 kwa oktava wa aina inayoitwa Linkwitz-Riley, kwa majina ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wa Hewlett-Packard ambao kazi yao juu ya jambo hili ilitoka mwaka 1976. Uzuri wake uko mahali pa makutano. Kwenye masafa uliyochagua, kila upande umeshuka desibeli 6 kamili na pande zote mbili ziko sambamba. Nusu na nusu zikijumlishwa zinarudi kuwa moja, bila nundu wala shimo. Tukiweka makutano 80 Hz, kwenye 40 spika ndogo zinapokea sauti iliyoshuka karibu desibeli 25. Koni ilitulia kabisa. Niligusa kwa kidole, haikusogea.

Sharti moja linalosahaulika: ukitumia krosova ya nje, ile ya kwenye sabufa iondoke njiani. Kama ina swichi ya kuiruka, iruke. Sabufa ya mjomba haina, kwa hiyo niliisukuma nobu mpaka mwisho, 200 Hz. Ukiacha zote mbili kwenye 80, vichujio viwili vinapandana, sabufa inakatwa mapema kuliko ulivyopanga na kuchelewa zaidi, na makutano yanakuwa shimo.

Kwa nini 80? Nilijaribu pia 60 na 100. Kwenye 60 spika zilikuwa zinafanya kazi karibu mno na tundu lao, zikaanza kuhema tena. Kwenye 100 besi ilipata anwani: ukifumba macho ulijua iko ukutani kushoto, na mwimbaji wa kiume alivutwa upande huo. Kwenye 80 urefu wa wimbi ni kama mita 4.35, na sikio halitambui kwa urahisi inatoka wapi. Kama spika zingekuwa za koni ya inchi tatu ningelazimika kupanda juu na kuisogeza sabufa katikati yao.

Fezi, mahali nilipokosea

Nobu ya fezi ndiyo inayoogopwa na kuachwa kwenye 0. Inachofanya ni kuichelewesha sabufa, ili wimbi lake lifike sambamba na la spika. Angalia neno kuchelewesha: haiwezi kuiwahisha.

Kule kona ya zamani, sabufa ilikuwa mita 5.0 kutoka kichwa cha mjomba na spika mita 4.5. Sabufa ilikuwa imechelewa tayari, na nobu hiyo ingeweza tu kuichelewesha zaidi. Mahali papya sabufa iko mita 3.6 na spika 4.1. Imewahi kwa nusu mita, ambayo kwenye 80 Hz ni kama digrii 40 za mzunguko. Nikafurahi, nikaweka nobu kwenye 40, nikakaa kusikiliza. Besi ilikuwa nyembamba, kama imeondolewa moyo.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu umbali peke yake. Kichujio cha sabufa nilichokiacha kwenye 200 hakikuondoka kabisa; kwenye 80 bado kinaichelewesha kama digrii 34. Na spika ndogo zenye tundu zina mzunguko wao wa asili zinapokaribia mwisho wa uwezo wao, unaozifanya zitangulie kwa zaidi ya digrii 100. Hesabu ya Linkwitz na Riley inachukulia kwamba spika yenyewe ni kamilifu mahali pa makutano. Ya rafu, yenye tundu la 55, si kamilifu kwenye 80.

Dawa ni kuacha kubahatisha na kutafuta shimo. Unacheza sauti tupu ya masafa ya makutano, 80 Hz, spika na sabufa zote zikiwa zimewaka, mtu mmoja akiwa kwenye kochi na mwingine kwenye nobu. Hutafuti mahali sauti inapokuwa kubwa, kwa sababu kilele ni kipana na sikio hudanganyika. Unatafuta mahali inapozama kabisa, maana shimo ni jembamba na halina ubishi. Ukilipata, geuza swichi ya kugeuza chanya na hasi, na hapo ndipo mawimbi yanapojumlika vizuri kuliko popote. Mjomba alikaa kwenye kochi, mkono juu, nami nikazungusha taratibu. Swichi ikiwa kawaida, nobu karibu na 60, sauti ilizama mpaka akauliza kama umeme umekatika. Nikageuza swichi. Ilirudi yote kwa mkupuo, imejaa, na haikuwa na upande.

Mngurumo wa umeme ulitusumbua jioni nzima, ile 50 Hz ya waya. Krosova ina pini ya ardhi, amplifaya na sabufa hazina, na vilikuwa vimechomekwa kuta mbili tofauti. Tulivileta vyote kwenye soketi moja kupitia ekstensheni moja nzuri, tukafupisha waya za sauti, ukaisha. Kuna mafundi watakaokuambia ukate pini ya ardhi. Usikubali. Ile ndiyo inayokulinda siku kifaa kikipata hitilafu ndani.

Voliumu ya sabufa iliachwa mwisho, na ilitua chini kuliko nilivyotarajia, kama theluthi ya mzunguko. Tulitumia wimbo mmoja wa Jamhuri Jazz ambao mjomba anaujua kwa moyo, tukapandisha mpaka besi iliposikika kama gitaa, yaani vidole, waya na fret, kisha tukashusha kidogo. Alisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kusema chochote, kisha akarudisha nyimbo, na nilimwona mara mbili akipiga goti kwa kidole mahali ambapo zamani kulikuwa na do ya hasira na sasa kulikuwa na mstari wote wa noti nane, kila moja ikisikika.

Lilibaki jambo moja sikulitarajia. Nilikuwa nimepima madirisha yakiwa wazi, kwa sababu ndivyo nyumba inavyoishi muda mwingi wa mwaka. Dirisha lililo wazi, kwa besi, ni tundu kwenye ukuta. Nguvu inatoka na hairudi, na wavu wa mbu hauizuii. Masika yalipoanza wakayafunga, na mjomba akapiga simu kwamba ile 67 imerejea kidogo. Sikusafiri. Nilimwambia ashushe voliumu ya sabufa mpaka do ilingane na jirani zake, aweke alama, kisha siku ya jua afungue madirisha na aweke alama ya pili. Mkaza mjomba ndiye aliyeziweka, kwa rangi ya kucha: nukta nyekundu kwa madirisha wazi, nyeupe kwa mvua. Ziko umbali wa upana wa kidole kidogo, na ni yeye anayeizungusha nobu kila mawingu yanapotanda.